Divai Zote Katika Chungu Kimoja

Baba mkwe wangu, siku alipokuwa bado si baba mkwe wangu, alinipa mtihani mmoja tu. Hakuniuliza nina shahada gani, wala kama nyumba yangu ya Kista ni ya kupanga au ya kununua. Aliniketisha kwenye kochi lao kule Jakobsberg, pembeni mwa Stockholm, akaniwekea chai ya maziwa, akanitazama mpaka chai ikaota utando, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Bujumbura:

"Sikia muzuri, kijana. Mi sikukatai. Lakini binti hatoki ku nyumba yangu na maneno matupu. Utaleta kinywaji."

Nikashusha pumzi. Kinywaji tu? Jirani na stesheni kulikuwa na duka la serikali la vileo, na kadi ya benki nilikuwa nayo mfukoni. Nikajiona nimeshaoa.

"Hapana ya duka," akasema, kana kwamba nilikuwa nimefikiri kwa sauti. "Ya duka hata mwizi anaweza kuleta. Weye utaleta kinywaji yenye unajua mwenye aliitengeneza. Unajua mikono yake, unajua udongo yake. Kinywaji inakuja na watu. Na weye, kijana, hapa Stockholm uko peke yako. Mi sijaona watu wako."

Hilo la mwisho liliniuma. Ni kweli nilikuwa peke yangu. Nilikuja Uswidi kusomea kompyuta, nikapata kazi, nikabaki. Wazazi na ndugu wote walikuwa Uchagani, kwenye migomba yao chini ya Kilimanjaro. Nikataka kumjibu kwamba watu ninao, ila wako mbali. Lakini mzee alikuwa hajamaliza.

"Mi nilioa na maji," akasema. "Tulikuwa tumetoka kukimbia, tumefika kambini juzi, hatuna kitu. Baba wa mke wangu akanipa kikombe ya maji, tukakunywa, ikawa ndoa. Sina haya. Lakini huyu binti, hapana. Huyu hataolewa na maji."

Ningebishana na nini? Mimi ni Mchagga. Kwetu pia hakuna posa bila mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na mbege haiji bila aliyeipika. Mtu wa Dar angeweza kumwambia mzee kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mimi nilikunywa chai yangu na utando wake, nikasema, "Nimesikia, mzee."

Mchumba wangu alinisindikiza hadi kwenye ngazi, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Alikuwa akisomea uuguzi Flemingsberg, na tulikutana kwenye ibada ya Kiswahili, ile ambayo Mrundi, Mkongo, Mtanzania na Mkenya wanaimba wimbo mmoja kwa matamshi manne. Mimi alinisemesha kwa mchanganyiko wa Kiswahili na Kiswidi. Kwa baba yake alijibu kwa Kiswidi tu, tangu alipoanza shule, na mzee alikuwa amezoea: yeye anasema lake kwa Kiswahili, binti anajibu "Men pappa!", yaani "Lakini baba!", na maisha yanaendelea.

"Lete chochote," akaniambia. "Atakunywa."

"Humjui baba yako."

"Namjua. Ndiyo maana ninacheka."

Nilianza kwa kupika mbege kabatini. Sijivunii. Mama alinitumia ulezi kwa mtu aliyekuwa akija Stockholm, ndizi nikazinunua kwenye lile jengo kubwa la maduka la Kista, zikaiva juu ya friji, nikazichemsha na kuzifunga ndani ya ndoo pamoja na uji wa ulezi. Mama yangu hufunika mbege yake kwa majani, ipumue. Mimi, msomi, niligandisha mifuniko kwa utepe wa gundi ili harufu isitoke. Jumapili moja nikiwa napiga pasi, ndoo zikalipuka na kabati likajifungua lenyewe. Suti niliyokuwa nimeinunua kwa ajili ya posa ilikuwa humo humo. Jirani yangu wa Kiswidi, mtu ambaye hakuwahi kunisemesha tangu nihamie, aliniuliza kwenye lifti kama nilikuwa mgonjwa.

Basi ikaja vuli, na vuli ofisini kwetu ilikuwa na kawaida yake. Kikundi cha watembea kwa miguu cha idara kilikwenda milima ya Alps, kikitembea kwenye mashamba ya mizabibu na kuonja divai za wakulima. Kiongozi wake alikuwa mkuu wetu wa idara, mama mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu anayeiona treni yake ikiondoka. Uswidi bosi huitwa kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo mpaka leo hunikwama kooni, kwa hiyo humu nitamwita Bosi. Kila mwaka alinialika, na kila mwaka nilikuwa na udhuru. Safari hii, aliposema neno "wakulima", nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi.

"Hatimaye!" akasema mbele ya wote. "Tutakuwa na mtu wa Kilimanjaro!"

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo Waswidi hawakulijua. Sisi tuliozaliwa Kilimanjaro hatuupandi ule mlima. Wanaoupanda ni wageni, na kuna vijana wetu wanaolipwa kuwabebea mizigo. Sisi wengine tunaukalia tu, tunalima chini yake, tunauangalia asubuhi kujua kama kutanyesha. Kilima kirefu kuliko vyote nilichokuwa nimepanda maishani ni kile cha kwenda kanisani. Lakini ofisi nzima ilikuwa imeshanivisha ushujaa, na kuuvua hadharani kulihitaji ushujaa ambao sikuwa nao.

Tukaruka hadi Munich, tukapanda treni iliyopenya katikati ya milima, tukashuka upande wa Italia, kwenye bonde ambalo watu wake wanasema Kijerumani. Juu kabisa theluji ilikuwa imeshaanza. Chini yake misonobari, chini ya misonobari matofaa, na chini ya matofaa mizabibu, imetandazwa juu ya vichanja vya miti kama mipasheni ya mama yangu, majani yamekuwa ya njano na mekundu. Nilisimama pale stesheni mdomo wazi. Bosi akanigonga bega kwa fimbo yake ya kutembelea, akasema tuanze, kwa sababu kahawa ya saa nne ilikuwa imepangwa mahali fulani huko juu.

Nilikuwa wa mwisho tangu kona ya kwanza. Viatu vyangu vilikuwa vipya, na kiatu kipya hakina huruma. Mhasibu wetu, mtu aliyekaribia kustaafu na mwenye goti la chuma, alinipita akipiga mluzi. "Unatunza nguvu zako!" akaniambia kwa heshima. Nikaitikia kwa kichwa, kwa kuwa pumzi ya kuitikia kwa mdomo sikuwa nayo.

Kilichoniokoa ni mfereji. Njia yetu, baada ya kupanda na kupanda, iligeuka ikawa tambarare, ikaambatana na mfereji mwembamba wa maji uliochongwa ubavuni mwa mlima. Maji yalitoka huko kwenye barafu, yakapita chini ya vijilango vya mbao, na kila kijilango kilifungulia shamba la mtu. Nilichuchumaa, nikatia mkono. Babu yangu alikuwa na zamu yake kwenye mfereji kama ule, na nilipokuwa mdogo nilitumwa kuangalia kama jirani hajaiba maji kabla ya wakati wake. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Ulaya, niliona kitu nilichokijua kabla ya kuelezwa. Macho yalinijaa machozi, nasema bila kuficha, nikajifanya nafunga kamba za kiatu.

Kuanzia hapo nilitembea mbele. Bosi akawaambia wengine, "Mnaona? Sasa ameshazoea urefu."

Kila baada ya mwendo kulikuwa na nyumba ya mkulima iliyotundika tawi mlangoni, ishara kwamba leo divai ipo. Jirani yetu mmoja Uchagani alifunga jani la mgomba kwenye mti wa njiani kwa kazi ile ile. Nyumba ya kwanza tulipewa divai nyekundu nyepesi, ya rangi ya maji ya rosela, ambayo mtu angeweza kuinywa mchana na bado akapanda ngazi. Nyumba ya pili kijana mmoja mwenye mashine za chuma kinachong'aa alitupa hotuba ndefu kuhusu mawe. Alisema divai yake nyeupe ina ladha ya mawe ya upande wa mashariki. Wenzangu wakainusa, wakafumba macho, wakaizungusha mdomoni, kisha mmoja mmoja wakaenda kuitema kwenye ndoo ya shaba.

Bibi yangu alikuwa akitutemea mate kidogo kifuani kutubariki tunapokwenda shule. Nilipoona watu wazima wanapanga mstari kuitemea ndoo, nilidhani ndoo ile inabarikiwa. Zamu yangu ilipofika nilimeza divai yote, kisha nikaitemea ndoo baraka tupu, kwa nia njema. Yule kijana alinitazama kwa muda. Divai yake ilikuwa nzuri, na mawe sikuyaonja.

Lakini si kwake nilikopata nilichokitafuta. Nilimwomba kununua, akaniuliza nataka kutumiwa Stockholm kwa posta kiasi gani. Nikafikiria mzee wa Jakobsberg akiniuliza kuhusu mikono ya aliyeitengeneza, nami namjibu habari za posta. Tukaendelea na safari.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane mmoja mfupi, mwenye aproni ya bluu na mikono iliyopasuka kama gome. Alituweka kwenye benchi uani, akatuletea njugu kubwa za kahawia za miti ya huko, zimechomwa mpaka zimepasuka, na jagi la divai mpya ya mwaka ule ule. Ilikuwa na ukungu, bado inachemka, tamu na kali kwa pamoja. Mbege! Nilitaka kusimama nimkumbatie. Na kabla hajatumiminia sisi, alijimiminia tone kwenye glasi yake, akanywa yeye kwanza, akaitikia kwa kichwa kwamba inafaa, ndipo akatuhudumia. Hivyo ndivyo inavyofanyika kwetu, na hivyo ndivyo inavyofanyika kwa Warundi: aliyeleta kinywaji hunywa kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu wala kinyongo.

Nikamwambia Bosi, ambaye Kijerumani chake kilikuwa cha shule, amweleze mama huyu shida yangu. Akaeleza. Sijui alisema nini, kwa sababu ilichukua muda mrefu na ilihusisha kuonyesha kidole kwenye kifua changu, kwenye moyo, na kisha kwenye pete yake mwenyewe. Mjane akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. Akasema kitu kifupi.

"Anauliza baba wa msichana anapenda divai gani," akasema Bosi. "Tamu au kali? Nyekundu au nyeupe?"

Sikujua. Nilikuwa nimekaa na yule mzee mara nyingi, na sikuwahi kujiuliza anapenda nini. Nilichojua ni kile anachokidai.

Mjane akaguna. Akasema divai mpya hanipi, kwa sababu bado inapumua, na nikiifunga itapasuka. Nikamhakikishia kwamba elimu hiyo ninayo. Kisha akasema kwamba mtu asiyejua baba mkwe wake anapenda nini inabidi achukue kidogo kutoka kila safu ya shamba. Na mtu anayetaka kusema anamjua mtengenezaji, basi ashike sanduku, kwa kuwa zabibu za mwisho zilikuwa bado shambani na jua linakwenda.

Ndivyo ilivyotokea kwamba idara nzima ya kompyuta kutoka Kista ikashinda mchana ule ikishusha masanduku ya zabibu mlimani. Mhasibu mwenye goti la chuma alibeba kuliko mimi. Bosi alipanga foleni, akaipanga tena, mpaka mjane akamwambia akae chini anyamaze. Mimi nilijifunza kwamba zabibu nyekundu za chini, penye udongo mzito, ndizo zinazotoa divai nyeusi, nzito, ya kunywa wakati wa baridi; kwamba zile za juu karibu na mfereji hutoa nyeupe yenye harufu ya waridi; na kwamba marehemu mume wake alipanda safu ya katikati mwaka waliooana, ikawa haizai vizuri mpaka alipokufa, jambo ambalo bado lilimkera. Aliniambia yote hayo, Bosi akitafsiri huku anahema.

Jioni alitoka kwenye ghala lake na chupa zisizo na karatasi, moja ya kila safu. Alikuwa amezifunga nyuzi za rangi shingoni ili nisizichanganye. "Kila moja ina heshima yake," alisema, na Bosi alitafsiri kwa sauti ya kanisani. "Usizinywe pamoja. Mpe kila moja nafasi yake."

Niliapa. Nilizibeba hadi Stockholm ndani ya soksi, ndani ya sweta, ndani ya suruali za baridi, na uwanja wa ndege nilisimama mbele ya mkanda wa mizigo kama baba nje ya wodi ya wazazi. Zote zilifika salama.

Ikabaki kutafuta wa kusema. Posa haisemwi na mwenyewe. Mtu mzima pekee wa nyumbani niliyemwamini alikuwa fundi umeme wa hospitali huko Flemingsberg, mtu wa Tanga, aliyekuja Uswidi kwa mafunzo zamani na kuota mizizi. Kwa maneno hana mwenzake. Angeweza kuomba radhi kwa niaba ya simba, na swala akaona haya.

"Mdogo wangu," akaniambia, "kusema nitasema mpaka waombe maji. Ila huo mvinyo wako siugusi. Unajua dini yangu."

"Nani kakuambia uuguse? Wewe sema tu."

Nikamfundisha kila chupa, rangi ya uzi, safu, udongo, na habari za marehemu. Upande wangu ulihitaji pia mtu wa kukaa nafasi ya shangazi, na hapo nikamwomba Bosi. Aliyaona masanduku, alimjua mjane. Alifurahi mno, akauliza kama kuna ratiba.

Jumamosi ya posa theluji ilikuwa magotini. Mlangoni kwa mzee kulikuwa na rundo la viatu, ndani kuna joto, pilau, na wazee wa Kirundi waliovalia suti na soksi. Mimi nilipewa kiti cha kukunja pembeni, karibu na makoti. Kwa desturi yao mwoaji siku hiyo hayupo. Anaweza kuwa ameketi pale anaonekana na kila mtu, lakini hayupo mpaka aitwe. Haongei, hanyanyuki, hajibu. Mchumba wangu naye alikuwa amefichwa chumbani na shangazi zake.

Mtu wa Tanga akasimama. Ewe Mola, alivyosema! Akasalimia ukoo mmoja baada ya mwingine, akaziinua chupa moja moja kama anayenadi marashi. Yule ambaye hajawahi kuonja divai katika maisha yake alisema kwamba ya uzi mweupe inanukia waridi na udi, na kwamba ya uzi mweusi ni ya mwanamume aliyetulia. Akamweleza mjane, mikono yake, mfereji wake, mpaka shangazi mmoja akatoa leso. Mzee alisikiliza macho yamefumba. Nikajua tumeshinda.

"Vizuri," akasema mzee. "Leteni chungu."

Likaletwa gudulia kubwa la kahawia la Kiswidi, lililonunuliwa kwenye soko la vitu vya zamani, ambamo watu wa hapa walikuwa wakiwekea samaki wa siki. Likawekwa katikati ya zulia. Na mzee, kwa mikono yake, akafungua chupa ya uzi mweupe akaimimina. Akafungua nyeusi, akaimimina juu yake. Nyekundu, ya njano, ya marehemu, zote, mpaka tone la mwisho. Familia mbili hunywa chungu kimoja, kwa hiyo kinywaji ni kimoja. Kwake halikuwa jambo hata la kuwaza. Nilitaka kupiga kelele, lakini nilikuwa sipo. Bosi alinitazama, uso umempauka, akanong'ona kwa Kiswidi, "Lakini kila moja ina heshima yake."

Shangazi akaleta mirija. Kwao hukata matete. Hapa ilikuwa ya plastiki, ya kijani na ya waridi, yenye shingo inayopinda, iliyobaki kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto fulani. Ikapandwa kwenye gudulia kama maua.

"Haya," akasema mzee. "Mwenye kuleta anakunywa kwanza."

Mtu wa Tanga akakohoa.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "mimi ni Mwislamu. Kusema nimesema, na ningesema mpaka kesho. Lakini kunywa, utanisamehe."

"Haina neno, dini ni dini. Huyu mama atakunywa."

Bosi akatafsiriwa. Akanyanyuka nusu, akakaa tena, akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nimekuja na gari," akasema.

Msomaji asiyewajua Waswidi anaweza kufikiri huo ni udhuru. Siyo. Mama huyu angeweza kuruka mtoni kwa ajili yangu siku ile, lakini tone la divai na usukani havikai siku moja. Mimi ndiye niliyepanga ujumbe huu. Nilikwenda kuposa kwa kinywaji, nikachagua wasemaji wawili ambao hakuna hata mmoja awezaye kunywa, na wote wawili kwa sababu ambayo haisogei. Nikanyanyuka kitini. Wazee wakanitazama kama koti lililosimama, nikakaa.

Mzee hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alishusha mabega, akaonekana mchovu, mtu aliyetamani sana kushindwa.

"Mnaona sasa," akasema polepole. "Kinywaji iko muzuri. Maneno iko muzuri. Lakini kijana hana mtu wa kumunywia. Siku yenye mambo itakuwa mabaya, ni nani atasimama nyuma yake? Mi nitamupa binti yangu ku mtu mwenye hana watu? Murudi nyumbani. Mutakuja siku ingine, na mtu."

Shangazi akashika ukingo wa gudulia kuliondoa. Hapo, nakiri, nilimwomba Mungu vibaya, kwa haraka, bila utangulizi.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mchumba wangu akatoka, shangazi zake wakimvuta mkono kwa nyuma, kitambaa cha mvutano, vazi la heshima la wanawake wa Kirundi, kikimtoka begani. Nilijua atakachosema: "Men pappa!" Badala yake akaja mpaka katikati ya zulia, akamtazama baba yake, akasema kwa Kiswahili, kile Kiswahili cha Bujumbura ambacho mzee alidhani binti yake alikiacha kwenye mlango wa shule:

"Baba, hii kinywaji tumeileta sisi. Mi niko upande wa wenye kuleta."

Akapiga magoti, akachagua mrija wa kijani, akaupinda shingo, akavuta. Alivuta kwa muda. Halafu uso wake ukajikunja wote, pua, paji na mdomo, kama mtu aliyetafuna shubiri.

Mzee alikuwa amesimama. "Iko namna gani?" akauliza.

"Mbaya sana, baba," akasema binti yake. "Inanuka samaki."

Alianza kucheka mzee mwenyewe, akafuatiwa na mtu wa Tanga, kisha nyumba nzima, na Bosi ambaye hakuelewa neno alicheka kuliko wote. Mzee akajifuta macho kwa kiganja. Akapiga magoti kwa shida kando ya binti yake, akachukua mrija wa waridi, akanywa. Wengine walipomaliza kucheka yeye alikuwa bado anakunywa. Alipoinua kichwa hakumtazama mshenga, wala Bosi, wala wazee. Alitazama pembeni, kwenye kiti cha kukunja, karibu na makoti.

"Weye," akaniambia, akisogea kunipa nafasi kwenye zulia. "Sasa uko. Kuja ukunywe na watu wako."